Tarehe Aliyoikataa Shiu Narayan

Shiu Narayan alikuwa mtu wa kupiga pasi shati kila asubuhi, hata siku za mvua ambazo sisi wengine tulifika kazini na kandambili, suruali zimekunjwa hadi magotini. Nilifanya naye kazi miaka tisa katika ofisi ndogo ya kuangalia mito pale Nausori, mji mdogo wa visiwani kwetu. Mimi nilipokea simu na redio, yeye aliandika programu za kompyuta. Nayaeleza yaliyompata kwa sababu watu wengi mjini huyaeleza vibaya. Wanasema alikuwa mzembe. Shiu hakuwa mzembe hata kidogo. Angekuwa mvivu walau kidogo, pengine mambo yasingefika yalipofika.

Alizaliwa Labasa, kwenye mashamba ya miwa, mtoto wa tano wa mkata miwa. Kompyuta alijifunza mwenyewe, kwa kitabu kilichokosa jalada na kurasa thelathini za mwanzo, kwa hiyo mpaka mwisho wa kazi yake alikuwa hajui baadhi ya mambo ambayo kila mwanafunzi hufundishwa wiki ya kwanza, na alijua mengine ambayo hakuna anayefundishwa. Akiwa kijana alipata kazi Lautoka, kwenye kampuni moja ya biashara. Huko ndiko alikojeruhiwa. Mkewe, Kamla, ndiye aliyenisimulia, maana Shiu mwenyewe hakupenda kuligusa jambo hilo.

Inasemekana alichukua kipande cha programu kutoka kwenye mtandao, kilichoandikwa na mtu asiyemjua, akakitia ndani ya kazi yake. Miezi kadhaa baadaye mtu yule akakibadilisha. Asubuhi moja mfumo mzima wa kampuni ukaanza kutapika namba zisizoeleweka. Bosi alimsimamisha Shiu mbele ya wafanyakazi wote, akamwambia abebe sanduku lake apite katikati yao. Alitoka pale akiwa ameapa. Tangu siku hiyo, kitu ambacho hakukiandika kwa mkono wake hakikuingia katika faili lake.

Lugha aliyoitumia ni Java. Lugha hiyo huja na ghala lake la vipande vilivyokwisha kuandikwa, vinavyoitwa klasi: vya kushika tarehe, vya kupanga orodha, vya kusoma mafaili. Mwandishi wa programu akitaka kimoja, huandika mstari mmoja tu juu kabisa ya faili lake, wa kuagiza kipande hicho, kisha anakitumia kama chake. Karibu kila mwandishi hufanya hivyo. Ukifungua faili la mtu yeyote, hapo juu utakuta safu ya mistari ya kuagiza, wakati mwingine kumi, wakati mwingine arobaini.

Mafaili ya Shiu hayakuwa nayo. Alinionyesha siku moja, na uso wake ulikuwa kama wa baba anayeonyesha picha za watoto wake.

“Dada Vase, unaona hapa juu?”

“Sioni kitu.”

“Ndiyo hivyo! Peupe. Hakuna mgeni ndani ya nyumba yangu.”

Nikacheka. Sikujua kwamba nilipaswa kuogopa.

Kazi yake kubwa ilikuwa mfumo wa mto Rewa. Kwenye nguzo za chuma zilizosimama ndani ya maji kulikuwa na vipimo, na kila dakika kumi kila kipimo kilituma kwa redio urefu wa maji, pamoja na tarehe na saa. Maji yakipita mita tano pale Navatukia, juu ya mto, ving'ora vya vijiji vya chini vililia vyenyewe. Zamani vililia bure. Mvua ikiwa kubwa, redio hukoroma na kutuma upuuzi, na mara mbili watu walikimbilia milimani na watoto mgongoni, wakakaa huko wakilowa, mto umetulia tuli. Mara ya tatu kilipolia, hawakutoka kitandani. Kwa hiyo Shiu akaandika kwamba kila kipimo chenye kitu kisichowezekana, urefu ulio chini ya sifuri au tarehe isiyokuwepo, kisiaminiwe. Kiwekwe pembeni, kwenye faili aliloliita Kachra, yaani takataka, na skrini ibaki na kipimo cha mwisho kilichokuwa kizuri. Ving'ora vikaacha kulia ovyo. Mkuu wetu, Bwana Jolame, alimsifu mbele ya wageni kutoka mji mkuu, Suva.

Na tarehe zenyewe zilikaguliwa na klasi aliyoiandika Shiu. Aliiita Din, neno la kwao lenye maana ya siku. Mistari elfu moja mia moja na arobaini. Aliiandika kwa mwaka mzima, na ilikuwa na miaka mitatu tu kazini.

Januari ya mwaka wake wa mwisho kazini aliletwa msichana wa kisiwa cha Kadavu anayeitwa Ulamila, aliyesomea kompyuta ng'ambo. Alikuwa mnene, mcheshi, na alikula biskuti mezani mpaka vibonyezo vikawa na unga. Wiki yake ya pili alifungua Din, akaisoma kimya, akasoma tena, kisha akageuza kiti.

“Mjomba Shiu, hii umeiandika kwa nini? Java ina tarehe zake. Unaagiza tu.” Akaandika mstari wenyewe wa kuagiza kwenye karatasi, akaisukuma upande wake: *import java.time.LocalDate;*

Shiu hakuigusa karatasi. “Hiyo nani kaiandika?”

“Watu wengi. Waliobobea.”

“Unawajua?”

“Siwajui, lakini…”

“Mimi namjua aliyeandika Din. Huwa namnyoa ndevu kila asubuhi.”

Sote tukacheka, Ulamila naye, lakini hakuachia. “Sawa. Na neno String, unalolitumia kila mstari, umeliandika wewe? Na hiyo System unayoandikia kwenye skrini? Hizo nazo ni klasi, mjomba. Java inakuletea bila hata kuagiza. Nyumba yako imejaa wageni siku nyingi, ila hawapigi hodi.”

Niliona uso wa Shiu ukibadilika. Hakukasirika. Alikuwa kama mtu aliyeambiwa kwamba kuna mtu chumbani kwake.

“Hizo haziepukiki,” alisema mwishowe.

“Mimi nauliza kitu kimoja tu. Zaidi yako, nani amewahi kuijaribu hii Din?”

“Mimi nimeijaribu.”

“Ndio nasema, zaidi yako.”

Shiu alivuta kiti, akafungua Din mbele yake. “Njoo hapa, binti. Unafikiri mkata miwa hajui kalenda? Tazama. Tarehe ishirini na nane Februari, mwaka huu. Niambie niongeze siku moja.” Akabonyeza. Skrini ikaandika ishirini na tisa Februari. “Mwaka jana sasa.” Akabonyeza. Moja Machi. “Umeona? Inajua mwaka mrefu na mwaka mfupi. Unataka nini tena?”

Ulamila alisoma ule mstari wa mwaka mrefu, akaona ni sahihi. “Basi nisamehe, mjomba,” alisema. “Nilidhani umesahau.”

“Mimi sisahau.”

Hata hivyo alikwenda kwa Bwana Jolame kuomba waiondoe Din waweke ile ya Java. Bwana Jolame alisema katikati ya msimu wa vimbunga hakuna anayegusa kitu kinachofanya kazi, wasubiri Mei. Jibu hilo lilikuwa na akili. Hakuna hata mmoja wetu aliyelipinga.

Februari ikaja na mvua zake. Ilinyesha milimani kwa namna isiyokuwa ya kawaida, siku tano, siku sita, na magogo mazima yakaanza kupita chini ya daraja la Nausori yakiwa na majani mabichi. Siku ya ishirini na nane, Ijumaa, maji pale Navatukia yalikuwa mita mbili na sentimita kumi. Tulikwenda nyumbani.

Jumamosi nilikuwa zamu na Shiu. Mjini jua lilikuwa limetoka. Soko lilikuwa limejaa, wanawake wameweka mafungu ya dalo, yaani magimbi, na mihogo kwenye mikeka, mtu anauza samaki kwa kelele. Ukitazama juu, upande wa milima, kulikuwa na weusi uliolala juu ya miti bila kusogea. Shiu alikuja na shati lake jeupe lililonyooka, akatazama skrini. Mita mbili na sentimita kumi. Rangi ya kijani.

“Mto una adabu leo,” alisema, akafungua roti zake, chapati za chakula cha asubuhi.

Saa mbili na dakika ishirini redio ikaita. Alikuwa Isikeli wa Navatukia. Isikeli alikuwa dereva wa basi mstaafu, mwenye tumbo kubwa na sauti kubwa zaidi, ambaye kazi yake ilikuwa kuondoa takataka zinazonasa kwenye nguzo yetu. Yeye na Shiu walikuwa watani. Kila asubuhi walitukanana kidogo kabla ya kusema la maana.

“Mtani! Umemaliza kupiga pasi au bado?”

“Nimemaliza. Wewe umemaliza kula au bado unajaza hilo tumbo la chura?”

“Nimeshiba. Sikiliza lakini. Maji yako kwenye uwanja wa raga. Yamegusa miti ya goli.”

Shiu akatazama skrini. Nikatazama nami. “Acha mzaha, mtani. Kompyuta inasema mita mbili na kumi.”

“Basi kompyuta yako ije inawe miguu hapa golini.”

“Hayo si maji ya mvua tu yaliyotuama uwanjani? Umesema mwenyewe uwanja wenu ni bakuli.”

Nyuma ya Isikeli tulisikia mvua, nzito, kama mtu anamwaga changarawe juu ya bati. “Sijui. Huku hatuoni mbali. Labda.”

“Nisaidie, basi. Ile nguzo ya zamani, yenye namba za rangi, bado ipo pale chini ukingoni? Nenda ukanisomee kwa macho yako. Nikipata namba yako nitalinganisha na yangu.”

“Mke wangu Mereoni atanifokea, kaniambia nisitoke.”

“Mwambie mimi ndiye niliyekutuma.”

“Haya, mtani. Nakwenda.”

Hayo ndiyo maneno ya mwisho tuliyoyasikia kwake.

Saa tatu hakuwa amerudi kwenye redio. Niliita, ikakoroma tu. Niliita tena na tena. Shiu alisema mzee yule anatembea pole pole. Aliacha kula. Alisimama mbele ya skrini mikono nyuma, na mimi nikaanza kuona kitu ambacho nilikuwa nimekitazama asubuhi nzima. Namba ile haikuwa imecheza. Mto wowote hupanda sentimita moja, hushuka mbili, huyumba. Huu ulikuwa umesimama kama umechorwa ukutani.

“Kaka Shiu, tangu asubuhi haijabadilika.”

“Imetulia.”

“Hata sentimita moja?”

Nilimpigia Bwana Jolame nyumbani. Alisikiliza, akauliza kipimo kinasema nini, nikamwambia. Akasema, “Vase, mkipiga king'ora bure tena, siku ya kweli hawatatoka. Kama Navatukia iko mita mbili, hakuna mafuriko. Ngojeni Isikeli asome.” Nami nilikubali. Nasema hivi ili isionekane kwamba Shiu alikuwa peke yake. King'ora kilikuwa na kitufe cha mkono, chekundu, hatua nne kutoka kiti changu. Sikuinuka.

Saa nne na dakika kumi Ulamila akaingia mbio, kikapu cha soko mkononi, vitunguu vinamwagika. Haikuwa zamu yake. Alikuwa amekutana na dereva sokoni aliyemwambia barabara ya juu imekatika na basi lake limegeuzwa.

“Navatukia ngapi?” aliuliza.

“Mbili na kumi,” Shiu alisema.

Akasogea mpaka pua yake ikakaribia kioo. Chini ya ile namba kubwa kulikuwa na maandishi madogo ambayo hakuna aliyekuwa akiyasoma, saa ya kipimo. “Hii ni ya jana,” alisema. “Saa sita kasoro dakika kumi usiku. Mjomba, hii ni ya jana. Vya leo viko wapi?”

Shiu akakaa. Mikono yake ilijua njia kabla yeye hajajua. Alifungua Kachra.

Vilikuwa humo. Vipimo sitini na viwili, vimepangwa kwa utulivu, kila dakika kumi kimoja, tangu saa sita ya usiku. Mbili na kumi na mbili. Mbili na ishirini. Tatu. Tatu na nusu. Nne. Saa moja na dakika arobaini asubuhi, tano na moja. Saa mbili na dakika ishirini, Isikeli aliposimama golini, tano na nusu. Cha mwisho, dakika hiyo hiyo tuliyokuwa tunaishi, kilisema sita na sabini na tisa. Na kando ya kila kimoja, mfumo ulikuwa umeandika kwa nini umekitupa. *Tarehe haipo. Tarehe haipo. Tarehe haipo.*

“Leo tarehe ngapi?” niliuliza, kwa ujinga kabisa.

“Ishirini na tisa,” Ulamila alisema.

“Lakini nilikuonyesha,” Shiu alisema polepole. “Inaijua. Uliona mwenyewe kwamba inaijua.”

“Ile ya kuongeza siku inaijua, mjomba. Hii ya kukagua umeiandika mahali pengine.” Alikuwa ameshaifikia, kidole chake kiko kwenye mstari. “Hapa. Februari, ishirini na nane. Basi.”

Mimi nilikuwa nimeshainuka. Nilibonyeza kile kitufe kwa viganja vyote viwili. Kwa dirisha tukasikia king'ora cha karibu kikianza kulia chini chini kisha kikapanda, na sokoni, kwenye jua, watu wakainua vichwa.

Kingelia chenyewe saa moja na dakika arobaini. Kililia saa nne na robo.

Maji yalifika vijiji vya chini saa tano na nusu. Watu wengi walikuwa wameshapanda milimani. Nyumba tatu zilichukuliwa, na ng'ombe wasiohesabika, na kanisa moja likabaki na paa tu juu ya maji. Hakufa mtu huku chini. Kule juu, mwili wa Isikeli ulionekana Jumatatu, kwenye matete ya kona ya pili ya mto. Ukingo ulikuwa umemomonyoka chini ya miguu yake pale kwenye ile nguzo ya zamani.

Kikao cha uchunguzi kilifanyika wiki mbili baadaye. Bwana Jolame, ambaye nadhani alitaka kutuokoa sote, alianza kueleza kwamba katika mvua kubwa vifaa vya mtoni huweza kukosea. Shiu akainuka bila kuitwa. Shati lake lilikuwa na mikunjo. Sikuwa nimewahi kuiona mikunjo mgongoni kwake.

“Vifaa vilifanya kazi,” alisema. “Vilisema kweli mara sitini na mbili. Mimi ndiye niliyeviambia vinyamaze.”

Akaeleza yote, Din, Kachra, ile nguzo. Mwenyekiti alimuuliza kwa nini hakuagiza tarehe za Java kama wenzake. Akasema aliogopa makosa ya watu asiowajua, akasahau kwamba yake mwenyewe aliyajua kidogo kuliko hata hayo. Siku hiyo hiyo aliacha kazi.

Alikwenda Navatukia kuomba msamaha. Hakuijua desturi vizuri, kwa hiyo mjomba wake Ulamila alimsindikiza na kusema maneno kwa niaba yake, huku Shiu ameketi chini, kichwa kimeinama, fungu la yaqona, mizizi ya kinywaji cha heshima, liko mbele yake. Mimi nilikuwepo, nyuma. Ndugu yake Isikeli alilipokea kwa niaba ya familia, na kwa desturi jambo likawa limekwisha. Kisha tukanyweshwa. Tulipokuwa tunaaga, Mereoni, mjane wa Isikeli, alimfuata Shiu mpaka mlangoni.

“Nilimkataza,” alisema. “Akaniambia, Shiu ameniomba.”

Hakuwa na hasira usoni. Shiu alishuka kilima mpaka kwenye gari bila viatu, ameviacha mlangoni, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumkumbusha. Mimi ndiye niliyerudi kuvichukua.

Nilidhani hatungemwona tena. Lakini Jumatatu iliyofuata alikuja ofisini, akasimama kizingitini kama mgeni, akamwambia Ulamila, “Huwezi kuitoa Din bila mimi. Ina mizizi usiyoijua.” Ni kweli ilikuwa nayo. Wakakaa pamoja wiki tatu. Alimsomea mstari mmoja mmoja kwa sauti, kama mtu anayesoma mashtaka yake mwenyewe, na Ulamila akifuta. Walipata makosa mengine manne. Moja lilikuwa limelala likingoja siku ya mwisho ya mwaka ule ule, tarehe thelathini na moja Desemba, kwa sababu mahali fulani Din ilihesabu siku za mwaka na haikuwahi kuvuka mia tatu sitini na tano.

Siku moja nilimsikia akimuuliza, “Niambie ukweli, binti. Mnaagiza kwa sababu ya uvivu?”

“Uvivu kidogo upo,” Ulamila alisema. Hakucheka. “Lakini si hivyo hasa, mjomba. Hii Februari ndefu ilishampiga mtu mwingine. Huko mbali, zamani. Kosa lake likaonekana, watu wakalipigia kelele, likarekebishwa mara moja, na wote walioagiza klasi ile wakapona pamoja naye, hata wasijue. Yako ilikuwa haijampiga mtu bado. Ndiyo tofauti.”

“Na yule wa Lautoka? Kile kipande kilichoniponza?”

“Hicho aliandika mtu mmoja, akakijaribu mtu mmoja. Kilikuwa kama Din. Ulilikimbia jambo, ukaenda kulikuta lile lile nyumbani.”

Siku ya mwisho, mistari elfu moja mia moja na arobaini ilikuwa imekwenda. Juu ya faili, pale palipokuwa peupe, palikuwa na mstari mmoja wa kuagiza. Ulamila akajinyoosha. Kisha akasema, kwa kupita tu, huku anafungua biskuti:

“Bahati nzuri ilikuwa hapa kwetu tu.”

Shiu akaacha kufunga kompyuta yake.

“Mjomba. Ilikuwa hapa kwetu tu, siyo?”

Alikuwa ameigawa. Kwa miaka ile mitatu, kwa fahari, kwenye vidude vya kuhifadhia faili, kwa yeyote aliyelalamika kuhusu tarehe. Rafiki wa zahanati moja kisiwani, iliyopanga nayo siku za dawa. Mtu wa meli za kwenda visiwa vya nje. Mpwa wake Labasa. Kijana aliyehamia ng'ambo, Brisbane. Alihesabu kwa vidole, akafika tisa. Wale watu hawakumjua aliyeiandika isipokuwa kwa jina, na hawakuifungua ndani. Waliiagiza tu juu ya mafaili yao, Din, kwa mstari mmoja, wakaiamini.

Akaanza kuwatafuta. Mwaka ule wote alizunguka na mfuko wa nguo na kompyuta yake, Taveuni, Savusavu, Ovalau, akipanda vivuko katika mawimbi ambayo Kamla alimkataza kuyapanda. Alikuwa akiingia kwenye ofisi za watu asiowafahamu vizuri, akiwaambia, “Nina ombi. Kuna kitu changu ndani ya mashine yenu. Niruhusuni nikitoe.” Wengine walimdhania mwizi. Zahanati ile aliifikia Novemba. Muuguzi alimwonyesha kwamba Februari ishirini na tisa wagonjwa wanne hawakuonekana kwenye orodha ya siku ile; walikuwa wamelaumiwa kwa kutokuja.

Kufikia Desemba alikuwa amepata saba. Tarehe thelathini na moja alikaa nyumbani Labasa kutwa nzima karibu na simu, Kamla akimletea chai na kuirudisha baridi. Hakuna aliyepiga.

Sasa anaishi huko, analima miwa kidogo kwenye shamba la kaka yake, na jioni anaandika barua. Yule wa meli aliacha kazi na hakuna anayejua mashine zake zilikwenda kwa nani. Wa Brisbane alijibu mara moja tu. Shiu alinisomea jibu hilo kwenye simu, neno kwa neno. Kijana alishukuru sana, akasema Din ilimfaa mno kazini, akaisifu jinsi ilivyoandikwa vizuri. Yeye mwenyewe haitumii siku hizi. Alimpa mwenzake mmoja aliyekuwa anatengeneza mfumo wa bwawa la maji, mahali fulani kusini, jina la mahali halikumbuki.